Kuni za Umuvumu

Nilipokuwa darasa la nne, kila likizo nilimpelekea baba chakula cha mchana kwenye kiwanda cha mbao, upande wa Kitanga. Kiwanda kile mpaka leo kinaendeshwa kwa mvuke: boila kuukuu linalokula kuni, injini yenye gurudumu refu kuliko mtu, na mikanda mipana inayozungusha misumeno na mashine za randa. Baba ndiye aliyekuwa akichochea moto wa boila.

Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoikumbuka, Bwana Mhina, msimamizi aliyetoka Tanga, aliamuru umuvumu uliokuwa juu ya chemchemi ya kiwanda ukatwe uwe kuni. Umuvumu ni mti wa jamii ya mkuyu, na kwetu Buha haukatwi ovyo. Mafundi walikataa kuugusa. Waliletwa vibarua kutoka mbali.

Kisha mvua zikaanza, magari ya magogo yakakwama njiani, na mabaki ya mbao tuliyozoea kuchoma yakaisha. Asubuhi ile bibi, mama yake baba, alimuuliza baba huku akimmiminia uji, "Leo mnauchoma ule mti?"

"Ndiyo, mama. Kuni ni kuni."

"Umuvumu hauchomwi. Ukichomwa, maji hukimbia."

Baba akacheka. "Yatakimbilia wapi na mvua yote hii?"

 Bibi akamtazama mpaka baba akaacha uji nusu na kuondoka.

Mchana nilipofika, nilimkuta amesimama mbele ya boila, jasho linamtiririka, macho yake kwenye kile kibomba cha kioo kinachoonyesha kina cha maji ndani. Kwa kawaida alinawa mikono mara tu aliponiona. Siku hiyo aliniashiria niweke bakuli chini, akarudia kutazama kioo.

"Maji yamepungua, baba?"

"Hapana. Yako nusu, kama kawaida."

Nikatazama na mimi. Nilikuwa nimekizoea kioo kile. Injini ikizunguka, maji yake hutikisika bila kutulia.

"Mbona leo hayachezi?"

 Nikamsikia baba akisema polepole, kama anayejisemea, "Maji hukimbia." Akainama, akafungua bomba dogo chini ya kioo. Yakatoka maji ya rangi ya udongo, kidogo sana, kisha mvuke mtupu. Akalifunga, akasubiri. Maji hayakupanda tena. Kioo kilikuwa kimezibwa na tope, na yale tuliyokuwa tukiyaona yalikuwa yamenaswa humo tangu sijui saa ngapi.

"Tokeni nje!" aliwapigia kelele mafundi. "Acheni kila kitu, tokeni!"

Bwana Mhina akaja mbio kutoka ofisini. "Kuna nini? Kama maji hakuna, si ufungulie pampu?"

"Chuma kimeshaungua, bosi. Nikitia maji ya baridi sasa hivi boila litapasuka. Toka." Kisha akaniambia mimi, bila kunitazama, "Nenda na mafundi barabarani. Usirudi."

Nilikimbia na mafundi hadi barabarani. Kupitia mlangoni tulimwona akiukokoa moto kwa chuma kirefu, akimwaga makaa ya umuvumu kwenye sakafu ya udongo, akirudi nyuma, akiingia tena.  Fundi mmoja wa randa alikuwa amenishika bega nisirudi. Gurudumu lilipunguza mwendo, likasimama. Ilichukua muda mrefu kabla baba hajatokea, nyusi zimeungua, akaketi kwenye gogo na kuomba maji ya kunywa.

Kesho yake walipofungua mabomba yanayoleta maji ya chemchemi kwenye boila, waliyakuta yamejaa tope. Ukingo wa chemchemi uliokuwa umeshikwa na mizizi ya ule mti ulikuwa umeporomoka kwa mvua. Bwana Mhina alimsifu baba mbele ya watu, akamuuliza alijuaje kwamba kioo kinadanganya.

"Ni kawaida ya kazi, bosi," baba alijibu. "Kioo lazima kipimwe."

Akanitupia jicho. Nikanyamaza.

Nyumbani alimwambia bibi kwamba mashine iliharibika kidogo. Bibi alimpaka mafuta kwenye nyusi na hakuuliza zaidi.

Nimekuwa nikijieleza tukio hili kwa namna nyingi. Kuna miaka niliyoamini kwamba mti ulilipiza. Baadaye, nikiwa nimesoma, nilisema ni mmomonyoko wa udongo, basi. Siku hizi sioni sababu ya kuchagua. Waliotukataza kukata umuvumu walijua mahali maji yanapokaa, wakatuachia maneno ya kutosha kututia hofu. Baba alikuwa na hofu hiyo kifuani mchana ule, ndiyo maana mkono wake ulikwenda kwenye bomba, na watu wote wa kiwanda wakarudi kwao jioni.

Kinachonisumbua ni kwamba bibi aliishi nasi miaka mingine sita, akila nasi kila jioni, na hakuna hata mmoja wetu, mimi wala baba, aliyemwambia maneno yake yalifanya nini mchana ule.