Kiatu Nilichomrushia Mbwa

Ningelisema tu, "Ahsante Bi, nitakungoja garini," nisingekuwa na aibu hii ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yananiwaka. Lakini jua la Doha siku ile lilikuwa la kubabua, ndani ya ukumbi wa senema kuna kiyoyozi, na mimi toka utotoni ni mgonjwa wa picha za Kihindi, basi Bi Roshan aliponikaribisha nikajiona nimeangukiwa na bahati.

Bi Roshan ni Mparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi wanaosali mbele ya moto, na alizaliwa Shangani, Unguja, ndiyo maana akaniajiri mimi dereva mzee wa Makunduchi, apate wa kuzungumza naye. Mumewe alifia hapahapa Doha, maiti ikapelekwa Bombay, na yeye mwenyewe siku hizo amelazwa hospitali, hakuona hata alivyoagwa.

"Tiketi nimekata mbili kwa mazoea," aliniambia. "Peke yangu sitaweza, Haji."

"Kuna nyimbo, Bi?"

"Hakuna."

"Ngumi je?"

"Haji, wewe kaa tu."

Nikakaa. Filamu yenyewe ilikuwa ya Waparsi, na polepole yake sijapata kuiona! Mzee mmoja alikunywa chai mpaka nikatamani nimsaidie kuimaliza, akatazama dirisha, na dirisha (naapa) likamtazama yeye, na mimi nimeendesha gari toka alfajiri, usingizi ukanichukua.

Nilipozinduka, mbele yangu kuna maiti imevikwa nyeupe, watu wameketi kimya, na mbwa anaisogelea anainusa. Mbwa na maiti! Kwetu hilo haliwezekani, na mimi akili ilikuwa bado ndotoni, nikavua kiatu nikapiga kelele, "Toka! Toka we mbwa! Nanyi mnamtazama tu?" Kiatu kikaruka, kikampata bwana wa mbele kisogoni, bisi zake zikamwagika, nami nikawa napanda viti na kiatu cha pili mkononi hadi taa zikawashwa, picha ikasimamishwa, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mlinzi, Mkenya, akanishika mkono. "Mzee wangu, hiyo ni sinema tu, bana! Kuja nje."

Bi Roshan alinifuata garini, na tulipokaribia nyumbani, Al Thumama, nikajikaza nikasema.

"Bi, nisamehe. Yule mbwa..."

"Yule mbwa ndiye niliyemfuata, Haji." Alikuwa anatazama nje. "Kwetu mbwa huletwa amtazame maiti, ajulikane kweli roho imetoka, asiondoke bila wa kumsindikiza. Ibada hiyo ya mume wangu sikuiona. Nilitaka niione hii mpaka mwisho, nijifanye ni yake."

"Turudi kesho, Bi, mimi nitabaki nje."

"Ilikuwa inaonyeshwa leo tu."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Haukupita muda akahamia Bombay kwa mpwa wake, na uwanja wa ndege, uliopo puani mwetu, akaenda kwa teksi.

Sasa namwendesha mtu mwingine, na akiniambia ingia ndani nakataa, jua liwe jua. Kile kiti cha baridi kilininyima mtu pekee niliyekuwa nikizungumza naye Kiswahili cha kwetu katika mji huu, na yeye kikamnyima kumuaga mumewe.