Fundi Cherehani Ajifunza Kulegeza Uzi

Saa tatu asubuhi, mwashi aliyechanwa mkono na bati amelala kwenye chumba cha kushonea majeraha. Ganzi imeshaingia. Mwanafunzi aliyemwinamia, ambaye wenzake humwita Fundi, jasho linamtiririka.

"Dada, unashona au unaniombea?"

"Yote mawili, kaka."

Fundi anasomea udaktari msaidizi. Chuoni kwao alama za karatasi hazimbebi mtu. Kila kazi unaifanya kwa mgonjwa, mbele ya mwalimu, naye anasema "umeweza" au "bado". Kushona ameshaambiwa bado mara mbili. Ya tatu ni kufungasha virago.

Kinachomuuma ni kwamba alikuwa fundi cherehani miaka tisa.

"Wenzangu walisema kwangu kushona ni kama kumsukuma mlevi," anasema. "Kumbe mazoea yana taabu."

Mikono yake huvuta uzi mpaka ukaze, kama anashona pindo la sketi. Lakini kitambaa hakivimbi, ngozi huvimba. Mgonjwa wake wa mwisho alirudi kesho yake analia, nyuzi zimezama nyamani.

"Nilimuumiza mtu kwa ustadi wangu mwenyewe. Sikulala."

Nyuma yake amesimama mwalimu, ambaye wanafunzi humwita Bi Bado, kwa siri. Vidole vya Fundi vinataka kukaza. Anavizuia, anafunga fundo, anakata, anaanza jingine.

"Nimemaliza, mwalimu."

"Leo sisemi kitu. Arudi kesho uvimbe ukishapanda, ndipo tutajua."

Fundi anavua glavu, anatoka. Nyumbani kwao cherehani yake ingali imefunikwa shuka, na dada yake huipaka mafuta kila Jumapili. "Najua ananipenda," anasema. "Ila nikiiona, naona inaningoja nishindwe."

Kesho yake mwashi amefika mapema. Bi Bado anafungua bendeji, anabonyeza pembeni mwa jeraha. Mkono umevimba kweli.

"Nyuzi zinavuta?"

"Hazivuti, mama. Panauma kistaarabu."

Mwalimu anatazama tena nyuzi, moja baada ya nyingine.

"Umeweza."

Fundi anataka kufanya kazi kwenye zahanati ya mtaani kwao, ambako majeraha hushonwa siku tabibu akipatikana. Lakini kwanza anampigia dada yake simu.

"Dada, ile cherehani tafuta mtu umpe."

"Wa kumpa yupo tangu siku uliyoingia chuo," dada anajibu. "Naipaka mafuta tu, asije akaikuta na kutu."