Dawa Yenye Nguvu

Watu wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Muleba, walipenda sindano jamani! Mimi ndiye niliyekuwa nesi pale zahanati, na sikuwa mpole. Kabla ya kumchoma mtu penisilini nilimuuliza, "Sindano hii imewahi kukudhuru?" Akisema haijawahi, nachoma.

Siku moja akaja mama wa makamo aliyejikata na jembe kibanjani, kwenye migomba yake, mguu umejaa usaha. Nikamuuliza swali langu.

"Haijawahi, mwanangu. Choma tu."

Nikachoma. Hata pamba sijaitupa, akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, pumzi ikakoroma, akaporomoka kutoka kwenye benchi. Nikamlaza chali, miguu nikaiinua juu ya kigoda, nikavunja kichupa cha adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu aliyedhuriwa na sindano, na kumchoma mkononi huku namgombeza: "Vuta pumzi, mama. Usinifanyie hivi." Mapigo ya moyo niliyatafuta kwa shida. Nikarudia sindano. Kidogo kidogo kifua kikafunguka, akafumbua macho, akaomba maji. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha.

Alipopata nguvu akanisifu.

"Hii yako kali kweli. Ile niliyochomwa Bukoba ilinivimbisha macho tu."

"Mama! Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza kama ilinidhuru. Ile ilinivimbisha, ugonjwa ukatoka. Dawa yenye nguvu ndivyo ilivyo."

Hasira zote zikaniisha. Hakunidanganya. Kwake kuvimba ndiko kupona kwenyewe, na wangapi kijijini waliamini kama yeye? Nilimweleza taratibu kwamba penisilini asiiguse tena maishani, naye akakubali kwa shingo upande. Jioni wanawe walimbeba kwenye machela hadi nyumbani, akiongea njia nzima.

Kuanzia kesho yake nikabadili swali. Nikawa nauliza kwa sauti ya kusifia, "Hebu niambie, sindano ipi ilikuwa na nguvu kwako?"

Haikupita wiki, binti mmoja mjamzito, anakohoa na homa juu, akanijibu kwa fahari: "Ile nyeupe kama maziwa. Ilinivimbisha uso wote, nikakosa hata pumzi."

Ile nyeupe ndiyo penisilini, nayo ilikuwa mkononi mwangu, tayari kwenye bomba. Nikaiweka chini, nikampa dawa nyingine. Aliondoka amenuna, akiamini nimemnyima dawa nzuri.

Alipojifungua na kuleta mtoto wake kliniki kupimwa uzito, alikuwa bado amenuna. Sijawahi kufurahi hivyo kununiwa na mtu.