Neno Nililolimeza Uwanjani

Mjapani alikuja kwetu na njumu zake kwenye mfuko wa kitambaa, akasimama kando ya mstari, akauinamia uwanja kama mtu anayemsalimu mkwewe. Uwanja wenyewe ni ule wa mtaani Oxon Hill, hapa Marekani, nje kidogo ya Washington, upande mmoja nyasi, upande wa pili upara. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nahodha na sikujua kilichokuwa kinanijia.

Timu yetu ni ya Jumapili baada ya kanisa: Wakenya, Wakongo, Warundi wachache. Siku nyingine mimi huhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Nawaogesha, nawageuza kitandani, naitikia kengele. Hakuna hata mmoja pale anayejua kwamba nyumbani Kenya nilicheza daraja la kwanza misimu miwili, kiungo, namba nane, na kwamba kuna watu walipanda ukuta ili wanione. Jumapili ndiyo siku pekee niliyobaki kuwa yule mtu. Wenzangu hata kwenye simu waliniita Nane.

Yeye alikuwa amestaafu. Alicheza kwao Ujapani, akaenda Ujerumani, akaenda Ubelgiji, akamalizia Australia. Mkewe alipopata kazi Washington wakahamia Columbia Heights, naye akawa anatafuta tu mahali pa kukimbia. Kiungo, kama mimi. Tulipojaza fomu za mashindano niliona kwamba ananizidi miezi minne. Hilo liliniuma kuliko mabao yake. Angekuwa kijana ningesema ni damu inachemka. Lakini rika langu kabisa! Kila mwaka aliolipwa kuukimbilia mpira, mimi nilikuwa naamka mwaka huohuo kwenda kubadilisha mashuka.

Siku ya kwanza aliniuliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, tunasema nini mwenzako anapopokea mpira na adui yuko mgongoni mwake. Nikamwambia, "Una mtu!" Akarudia, "Una muto, una muto," mpaka ikamkaa. Alisema kila nchi aliyokwenda, hilo ndilo neno la kwanza aliloomba kufundishwa, hata kabla ya asante. Bila hilo, alisema, kiungo ni kipofu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa jezi yangu.

Kocha wetu, Mkongo wa Bukavu anayeendesha basi la shule, alinivuta pembeni. "Mukubwa, leo utabakia ku banc. Usikasirike. Huyu mutu ni professionnel."

"Sijakasirika, coach. Niko tu sawa," nikamjibu, masikio yakiwaka moto.

Nilikaa benchi nikimtafuta kosa. Sikulipata. Aliugusa mpira mara mbili tu, mara ya kupokea na mara ya kutoa, na wale vijana ambao kwa miaka mitano nimewapigia kelele wakimbie kwenye nafasi, sasa walikuwa wanakimbia bila kuambiwa. Mechi ikiisha aliokota chupa za maji na kuzikunja jezi zetu zilizolowa jasho, moja moja.

"Angalia Mjapani wa watu anavyokunja nguo," mke wangu, aliyekuja kututazama, akasema. "Wewe soksi zako nazipata mpaka chini ya meza."

"Si uolewe naye basi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona gere, na sioni haya kusema hivyo sasa. Usiku niliandika jina lake kwenye simu nikatazama video zake za zamani, uwanja umejaa, watu wanaliimba jina hilo vibaya. Nilizitazama zote.

Nusu fainali tulicheza na timu ya Manassas. Kipindi cha pili kocha aliniingiza, jezi namba kumi na nne, nicheze ubavuni mwa Mjapani. Dakika chache baadaye beki wetu alimpigia pasi. Aliipokea akiwa amelipa kisogo lango lao. Mimi nilikuwa nimewatazama wote wawili: yeye, na lile libeki lao linakuja mbio kutoka nyuma, kichwa chini.

"Una mtu" ni maneno mawili mafupi. Yalinifika kwenye ulimi. Nikayameza.

Asiposikia kitu, mchezaji anaelewa yuko salama. Kwa hiyo aligeuka. Nilisikia kifundo cha mguu kabla sijasikia filimbi. Beki yule alipewa kadi nyekundu, watu wetu wakamzonga, na mimi niliyejua nikapiga magoti kwenye nyasi nikamwambia majeruhi, "Pole, pole sana." Alinitazama usoni, meno yameuma jezi yangu ya zamani.

Jumapili iliyofuata nilirudishiwa namba nane. Nilicheza vizuri, nisiwadanganye. Tulishinda.

Mke wangu ndiye aliyepika chapati akasema mpelekee mgonjwa. Nikapanda treni ya mstari wa kijani mpaka Columbia Heights. Nilimkuta amelaza mguu juu ya mito miwili. Alipokea chapati kwa mikono yote miwili, na ile heshima yake ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikamwambia nilimwona beki. Nikamwambia nilinyamaza kusudi.

Aliziweka chapati kando ya mito. Kisha akaniambia kwamba katika klabu yake ya kwanza, akiwa na miaka kumi na tisa, kulikuwa na kiungo mmoja mbele yake, rafiki yake, walilala chumba kimoja. Siku moja mazoezini alimwona beki akija nyuma ya yule rafiki.

"Sikusema," akaniambia. "Wiki iliyofuata nikapewa namba."

Rafiki hakucheza tena. Siku hizi anauza matairi. Na kutoka kwenye ile namba ndipo zikaja Ujerumani, Ubelgiji, Australia, na zile video zote.

"Sijawahi kumwambia," akasema. "Wewe umeweza."

Nilijua hapo napaswa kulia, au kumshika mkono. Nikamuuliza daktari amesemaje.

"Wiki sita," akatabasamu. "Halafu narudi."

Nikamwambia Mungu ni mwema. Kwenye treni nilifungua kalenda ya simu nikazihesabu Jumapili, nikarudia kuzihesabu, na moyo ukaniuma kwamba ni sita tu.