M ya Mama

Siku niliyolipuka nilikuwa nimesimama tu. Sikuruka, sikukimbia, hata mguu sikuinua. Muziki haujawashwa, mazoezi hayajaanza. Nilikuwa katikati ya sale ya mazoezi, mkanda wa kusikiliza roho, yaani mapigo ya moyo, umenibana chini ya matiti, na kocha ananiuliza mbele ya bamama wote:

"Mama, sema tu ukweli. Jana mangaribi ulikula nini?"

Hakungoja nijibu.

"Machine inasema unaunguzaka kalori kupita bote hapa. Wa kwanza, kila mara! Na kilo yako haishukake. Sasa? Machine haina kinywa ya kudanganya. Kinywa iko ya nani?"

Bamama wakacheka. Mmoja akasema, "Kocha, muulize chungu iko chini ya kitanda!" Wakacheka tena, wakagongeana viganja.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kilo. Kwetu Lubumbashi kilo si uzito peke yake, ni mahali pia: ni pale kituo cha afya, tunapopeleka watoto wachanga kuwaning'iniza kwenye mzani. Binti yangu alikuwa hajaongeza kitu tangu kilo iliyopita. Maziwa yangu yalikuwa yanakauka. Na huyu mwanaume, aliyeshiba bukari yake, ndio ugali, na samaki, ananiuliza mimi nilikula nini.

"Nilikula hewa!" nikapiga kelele. "Unasikia? Hewa na maji ya ndimu, vile weye ulisema! Unataka nikule nini ingine, mutoto wangu?"

Lakini niseme kwanza nilifikaje pale, maana ukiniona nilivyopiga kelele utadhani mimi ni mtu wa kelele.

Niliingia sale ile kwa sababu ya kitenge. Mdogo wa bwana yangu alioa, na familia yote ikashona kitenge kimoja. Mimi nilikuwa nimezaa karibuni. Kitambaa changu hakikutosha, fundi akaunga vipande vya kitambaa kingine chini ya makwapa, rangi karibu sawa, akaniambia, "Usiinue tu mikono." Sasa niambie, harusi gani mtu hainui mikono? Kwenye picha zote niko pale, mikono juu, na viraka vyangu viwili. Mama yangu alisema nisijali, bibi mnene anaonyesha kama bwana anamlisha. Dada ya bwana yangu hakusema hivyo. Alisema, "Yaya, leo umevaa robe mbili." Magauni mawili, yaani kitenge na viraka. Nilicheka pamoja naye. Nilipofika nyumbani nililia.

Mimi ninakaa Kenya, si ile nchi, ni komini, wilaya ya mji wetu, ambako hata ukipiga chafya jirani anakujibu kupitia ukuta. Kwa hiyo nilitafuta mbali, nikapata sale huko Makomeno, mahali ambapo hakuna anayenijua. Kulikuwa na madarasa mawili: la bamama na la bafille, yaani wasichana ambao hawajazaa. Kila mtu alikuwa na mkanda wake, na juu ya kila mkanda wameandika kwa kalamu nene, M au F, ili isichanganyike. Wangu M.

Kocha alitueleza siku ya kwanza. "Hii inasikilizaka roho. Roho ikikimbia, mafuta inaungua. Njo vile. Haina siri." Ukutani kulikuwa na televisheni, na kila mwanamke alikuwa na kisanduku chake ndani yake: rangi, mapigo ya roho, na kalori zinazopanda. Mimi nilimaliza sekondari, biolojia nilifaulu, na niliamini kama mtoto anavyoamini redio ina mtu ndani.

Na niwe mkweli, mwanzoni nilipenda. Kisanduku changu kilikuwa chekundu kabla wengine hawajatoka jasho. Kalori zangu zilipita za wanawake waliokuwa wanaruka kuliko mimi. Kila tukimaliza, kocha alipiga picha televisheni na kuituma kwenye kikundi chetu cha telefone, nami niko juu kabisa. Dada ya bwana yangu alipata kiungo cha kikundi hicho, akaingia bila hata kufika sale, na nilifurahi aone.

Kisha tukapanda mzani. Sijapungua. Kocha akafanya mzaha. Mara ya pili sijapungua, mzaha ukapungua. Mara ya tatu akaandika kwenye kikundi, mbele ya watu wote: kisanduku changu chekundu, chini yake kilo zangu, na chini yake alama ya kuuliza. Hakuongeza neno. Bamama waliongeza wao. Mmoja aliweka picha ya sufuria.

Halafu akanifanyia hesabu. Mama, umeunguza kiasi hiki. Hujakonda. Basi unakula kiasi hiki juu yake. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa, sikuweza kuibishia. Hakuna aliyejiuliza ile namba ya kwanza imetoka wapi. Akanikataza bukari. Nikaacha bukari. Akanikataza mihogo, nikaacha. Chakula cha jioni kikawa maji ya moto na ndimu. Nikawa naona giza nikiinuka, na roho inanipiga hadi masikioni. Nikifika sale, roho ile inayonipiga kwa njaa, televisheni inaniongezea kalori. Ikiniongezea, kocha anasema ninaiba chakula zaidi, ananikatia tena. Akinikatia, roho inazidi kukimbia. Nilizunguka hapo ndani, na kila mzunguko niliona haya zaidi.

Kwa sababu nilianza kujishuku mimi mwenyewe. Ndiyo haya yangu kubwa, kuliko hata zile picha. Nilisadiki mkanda nikajikana mimi. Nilikuwa ninapika sombe, majani ya mihogo, na kujiuliza ni mara ngapi nimeonja chumvi. Nikamlia mtoto wangu mkubwa kipande cha mkate kilichobaki, nikakitema. Siku moja nilimuuliza bwana yangu:

"Usiku ninaamukaka? Ulishaniona nakula mu usingizi?"

Akaniangalia sana. "Weye? Unalalaka sawa gunia. Gunia haikulake."

"Sema muzuri."

"Ninasema muzuri. Bibi, juu ya nini unajitesa hivi?"

Ningemwambia nini, kwamba kuna televisheni huko Makomeno inayonijua kuliko yeye?

Mtoto ndiye aliyejua. Alikuwa ananyonya kidogo, anaacha, ananiangalia kama mtu aliyeuziwa chupa tupu, kisha analia. Nikasema ni meno. Nikasema ni joto. Nilisema kila kitu isipokuwa ukweli.

Basi asubuhi ile nikaenda kilo. Muuguzi alimwinua mtoto kwenye mfuko wa mzani, mshale ukasimama palepale pa mwezi uliopita. Aliangalia mara mbili. Kisha hakumshika mtoto, alishika mkono wangu.

"Mama, ulikimbia kuya hapa?"

"Hapana. Nimekaa pa banki tangu asubuhi, si umeniona," nikamwonyesha benchi la kungojea.

"Roho yako inakimbia sawa ya muntu banamufukuza." Akavuta ngozi chini ya jicho langu, akaangalia. "Damu iko kidogo. Unakulaka?"

Kulikuwa na wanawake nyuma yangu kwenye foleni. Wanawake wengine hapo hawali kwa sababu hawana. Mimi nilikuwa na unga nyumbani, kapu zima. Ningesemaje? Nilisema, "Kidogo." Akanipa vidonge vya damu, akasema nile, na nile tena, na mtoto nimlete upesi. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Nilimwacha mtoto kwa mama yangu na kwenda Makomeno nikiwa na neno moja tu la kusema: ninasimamisha mazoezi, nina mtoto mchanga. Nilitaka kulisema polepole, pembeni. Lakini kocha alikuwa mlangoni akinipa mkanda, na mimi, kwa mazoea tu, nikauvaa. Ndipo akatukusanya, akaniuliza lile swali lake.

Sasa unajua kwa nini nilipiga kelele.

Nilisema mengi ambayo siwezi kuandika. Nilimtaja mama yake. Na katikati ya maneno yangu kicheko cha bamama kikageuka, sio mimi tena wanaangalia, ni nyuma yangu. Mama mmoja mkubwa, aliye na mwili kuliko mimi, akaonyesha kidole.

"Muangalie! Mama anaunguza na kinywa!"

Nikageuka. Kisanduku changu kilikuwa chekundu kabisa, na kalori zinapanda. Visanduku vya wengine vimelala chini, karibu bila kitu. Mimi, niliyesimama mahali pamoja na kutukana, nilikuwa nimefanya mazoezi kuliko darasa zima. Nikanyamaza nivute pumzi. Zikapunguza mwendo. Nikamgeukia kocha, nikamwita mjinga kwa sauti yangu yote. Zikapanda. Watu walikuwa wanashika mbavu.

Sikucheka. Nilikuwa nimeelewa. Ule mkanda haujui unachosikia. Unasikia roho inagonga, basi, mengine unabahatisha. Ukiruka, inagonga. Ukikasirika, inagonga. Ukiwa na damu kidogo na tumbo tupu chini ya bati la moto, inagonga, na yote hayo machine inaandika mazoezi. Miezi yote ile nilikuwa wa kwanza kwa ugonjwa.

"Lete telefone," nikamwambia kocha. "Nionyeshe mule ndani miye niko nani."

Akafungua bila wasiwasi, kwa sababu alikuwa na hakika ya kazi yake. Miaka yangu, sawa. Kilo zangu, sawa. Kisha herufi.

"Hii M ni nini?"

"M ya Mama. Njo ile iko pa mukanda yako."

Mlangoni walikuwa wameanza kufika wasichana wa darasa la pili. Mmoja wao, mwanafunzi wa chuo, akasogea na kuchungulia.

"Kocha! Ile ni Kingereza. Banakuuliza kama ni mwanaume ao mwanamuke. M ni mwanaume."

"Na F?"

"Ni mwanamuke."

"F ni fille," akasema kocha. Lakini sauti ilikuwa imempungukia.

Kisha yule mama mkubwa akashika kidevu kama anayepapasa ndevu. "Eh, baba! Kumbe bamama bote hapa tuko bapapa!" Sale nzima ikaanguka kwa kicheko. Walisalimiana kama akina baba: "Jambo papa!" "Jambo yako, papa!" Machine ilikuwa inatuhesabia roho za wanaume, na mwanaume kwa mapigo yale yale inampa kalori nyingi kuliko sisi. Wenzangu waliona ni mchezo, maana wao walikuwa wanakula. Wao haikuwagusa.

Niliingiza mkono chini ya blauzi, nikafungua mkanda mbele ya watu, nikauacha sakafuni. Kocha alikuwa anasema, "Tofauti ni kidogo tu, mama. Si mulikuwa munatoka jasho?"

Nilifika nyumbani nikapika bukari, nikala, nikiona haya ya kula kana kwamba kuna mtu ananipiga picha. Ningeishia hapo. Kweli, ningeishia. Lakini jioni telefone ililia: kwenye kikundi, kisanduku changu chekundu cha mchana, na maneno ya kocha: "Hasira pia ni sport." Chini yake nyuso za kucheka, nyingi, na ya dada ya bwana yangu ikiwamo. Juu ya M hakuandika kitu. Juu ya kula kwangu kwa siri, ambako hakukuwapo, hakufuta kitu. Watu walibaki wanajua kwamba mimi ni mwizi wa chungu changu mwenyewe.

Nikachukua karatasi. Barua zetu za kazi, kama tulivyofundishwa shuleni, zinaanza kwa Kifaransa na ile heshima yao: nina heshima ya kuja mbele ya ukubwa wako. Niliandika hivyo, nikasoma, nikafuta. Heshima gani niliyokuwa nayo? Nikaanza upya kwa Kiswahili. Nikapeleka moja kwa mwenye sale, na kopi kwa ofisi ya afya ya komini. Msichana wa mapokezi pale sale hakutaka kutia muhuri kwenye kopi ya kubaki kwangu, eti patron, mwenye sale, hayupo. Nilikaa kwenye kiti, nikamtoa mtoto mgongoni, nikamnyonyesha hapo hapo mapokezini, watu wakipita, mpaka akatia muhuri na sahihi. Niliandika hivi:

"Bwana Mkubwa wa sale,

Ninakuja kwako na haya, na ninataka kuigawa na wewe.

Kocha wako aliniandika mwanaume ndani ya machine. Aliandika hivyo wanawake wote waliozaa. Kwa namba hizo za uongo alinikatia chakula, mimi ninayenyonyesha, na hakuniuliza hata mara moja kama ninanyonyesha ao kama nina ugonjwa wa damu. Mtoto wangu alisimama kukua. Kituo cha afya kimeona.

Machine yenu inasikia roho. Haioni mtu anakula nini, na haijui roho inakimbia kwa sababu gani. Mtu asihukumiwe nayo.

Ninaomba mambo haya. Mumwandike kila mwanamke kuwa mwanamke. Mumuulize kila mama kama ananyonyesha kabla ya kumwambia asile. Mutoe picha zangu zote kwenye kikundi. Na kocha aandike, kwenye kikundi kile kile, mbele ya watu wale wale, kwamba namba zangu hazikuwa za kweli na kwamba sikumdanganya. Asiniandikie mimi peke yangu. Hakunisema peke yangu.

Jibu liwe la kuandikwa, lenye sahihi. La mdomo sitalipokea."