Miguu Juu Kwenye Kigari cha Mzee Wambura

Aibu niliyoipata Bunda mbele ya wakwe zangu ni kubwa, sikatai, na nawasimulia kwa hiari yangu kwa sababu mwisho wake nilishinda, na aliyeshinda anaruhusiwa kujicheka.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mimi kijana wa Kiriba, mtoto wa wavuvi, fundi msaidizi kwenye gereji moja Musoma mjini (msaidizi maana yake naosha nati kwa mafuta ya taa), na nilikuwa nimempenda Nyangeta, binti wa Mzee Wambura wa Bunda. Kwao ni watu wa ng'ombe na pamba, na mtu wa samaki asiye na hata ndama wanamwangaliaga kama mgeni aliyepotea njia. Sasa huyu mzee alikuwaga mpishi wa bwana shamba Mzungu, na Mzungu alipoondoka baada ya Uhuru akamwachia kigari chake cha spoti, chekundu, hakina paa, viti viwili tu. Fundi fulani alikuwa amefungua dashibodi yote kutafuta waya mbovu, akashindwa kuirudisha, akaacha vipande kwenye gunia la pamba akatokomea.

Siku ya kusikilizwa posa yangu ikapangwa, ila mazungumzo yasingeanza bila kaka mkubwa wa mzee, anayekaa Butiama na mguu wake mbaya haupandi basi. Nikaropoka, "Baba, asubuhi narudisha dashibodi, mchana tunakwenda kumchukua kwa gari."

Mzee akaniangalia. "Ukishindwa, rudi kwenu ukavue. Mi sipangi siku nyingine."

Kazi hiyo, kwa utaratibu, unafungua viti kwanza ndipo unaingia chini. Lakini boliti za viti zilikuwa zimeshika kutu, na Nyangeta alikuwa mlangoni anachambua mchicha huku akinitazama, nikaona nikianza kuhangaika na boliti nitaonekana sijui kitu, basi nikaingia hivyo hivyo, kichwa chini kwenye pedali, mgongo sakafuni, miguu imepanda juu ya kiti hadi nje. Na nilikuwa nimevaa bugaluu, ile suruali pana chini.

Kazi ilikwenda, jamani, sitasema uongo. Waya nikazifuata moja moja, geji zikakaa kwenye matundu yake, ubao wa dashibodi nikaukaza kwa nyuma, kisha lile boksi la katikati linalofunika gia nikalishindilia na kulikaza skrubu nane huku napiga mluzi. Nikataka kuinuka, sikuinuka. Shati langu la kaki, upande mzima wa kulia pamoja na mkono wake, nilikuwa nimelifungia chini ya boksi kwa skrubu zangu mwenyewe, na katika kushtuka bisibisi ikanitoka ikaviringika chini ya kiti, na kulivua shati haiwezekani, nimebanwa mabega.

Nikarusha miguu. Bugaluu mnaijua, miguu ikiwa juu inateremka yenyewe mpaka mapajani. Jirani aliyekuwa anapeleka pamba kupimwa akaona miguu miwili mikavu inapiga mateke, kisha imetulia (nilikuwa napumzika), akapaza sauti kwamba fundi amekufa kwenye gari la Mzungu. Wanawake wakaanza kulia, watu wakaacha magunia yao kwenye foleni ya mizani ya pamba wakaja mbio. Mimi naita kutoka chini, "Mi mzima, jamani," lakini kilio kikishaanza hakimsikilizagi marehemu.

Mzee alikuwa amekwenda kutafuta petroli, kwa hiyo Nyangeta akakimbia ndani kumwita mama yake. Mama mkwe, jamani, ambaye kwa desturi za kule hata mkono hampeani, na mapaja yangu yako hewani. Nikajua posa imekwisha. Niliona uchungu mpaka machozi yakanitoka, yakanimwagikia masikioni.

Nikasikia watu wanapisha njia. Yule mama alikuja kinyumenyume (niliambiwa baadaye), kanga ameivuta hadi usoni, mgongo kwa gari, akanyoosha mkono nyuma na kisu cha jikoni.

"Mwenye miguu hiyo, mi sikuoni," alisema taratibu. "Pokea kisu."

Nikapokea kwa mkono wa kushoto, ndio uliokuwa huru, nikalikata shati, nikajivuta nje kifua wazi huku umati wote unacheka. Mzee akatokea na dumu lake, akamimina petroli, nikakaa, nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka zote, sindano ya petroli ikapanda, injini ikanguruma, nikapiga honi, na wale wale walionililia wakapiga vigelegele. Sijawahi kufurahi namna ile.

Kurudi kutoka Butiama, wazee wawili kwenye viti viwili, Mzee Wambura akiendesha, mimi nyuma juu ya buti, napungia watu njia nzima kama mgeni rasmi.

"Huyu asiye na shati ni nani?" baba mkubwa akauliza.

"Fundi wangu. Ndiye anamtaka Nyangeta."

"Ng'ombe anao?"

"Bado hana."

Baba mkubwa akaziangalia zile sindano zinavyocheza, kisha akageuka akaniangalia mimi. "Mpeni muda."

Nyangeta ndiye huyo anawamiminia chai. Mama yake, mpaka anafariki, alisema siku ile hakumwona mtu, aliona miguu tu. Na mimi niliapa: nikiingia chini ya dashibodi ya mtu, viti nafungua kwanza hata kama boliti zimeliwa na kutu, na shati naliacha kwenye msumari.