Hodi ya Kengele

Dada yangu aliuza mitumba miaka kumi na tisa bila kununua kipaza sauti. Alisema hicho ni cha watu waliozaliwa bila koo. Alisimama juu ya meza, blauzi mkononi, akinadi mpaka muuza viatu wa jirani anamsihi apumue ili naye apate wateja. Sokoni wakamwita Kengele. Jina likamfuata hadi nyumbani.

Mama haoni, na siku hizi kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka zitakavyo. Mimi ninayeishi naye ananidhania kaka yake, marehemu mjomba, mtu wa utani mwingi. Lakini kila jioni Kengele alipopiga hodi, mama alijibu palepale, "Karibu, Kengele wangu," akajiweka sawa ili alishwe. Sikuona wivu. Haya, niliona kidogo.

Sauti ilipoanza kukauka, dada alitafuna tangawizi, akasema ni mafua tu, akaendelea kunadi. Baada ya miezi minne daktari alimwambia zoloto, pale sauti inapotokea, limevimba vibaya. Anyamaze kabisa wiki sita, la sivyo sauti haitarudi. Dada alichosikia ni kwamba asipige kelele. Akawa ananong'ona kutwa, nasi tunamjibu kwa kunong'ona, nyumba ikawa kama ya wezi. Aliporudi kliniki, daktari alishika kichwa. Kunong'ona vile kulikuwa kumezidi kulichosha koo. Sauti iliyobaki, akasema, huenda ndiyo hiyo.

Jioni ile, baada ya wiki za kuingia bila hodi, alipiga hodi. Ilitoka kama gunia linaloburutwa sakafuni.

"Karibu, mgeni," mama alijibu.

Nilimwambia huyu ni Kengele. Mama alikasirika, akaniambia niache utani wangu, sauti ya mwanawe anaijua. Akakataa kulishwa na mtu baki. Dada alilitaja jina lake mara tatu, mara nne, akilikwaruza koo, mpaka nikamziba mdomo kwa kiganja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tangu hapo namlisha mimi. Dada huja kila jioni, huketi kwenye stuli, humchana mama nywele, kazi iliyokuwa yangu. Juzi mama aliushika mkono wake.

"Mgeni, una mikono mipole. Ukipita sokoni, mwambie binti yangu aje. Hajapiga hodi siku nyingi."

 Dada aliitikia kwa kichwa, kana kwamba mama anamwona.